Ada ya Huduma: Fedha Ikatwayo kwa Jina la Mfanyakazi Humfikia Nani?

Wiki ya pili baada ya Idi tulisafiri kwenda Nairobi kuwazuru dada zetu wanaoishi katika mitaa ya Eastlands. Mmoja yuko Umoja, mmoja Buruburu, na wawili wako Majengo ya Pumwani, mtaa ambao Waislamu wamekaa tangu miaka ya 1920. Hatukutaka kuwachosha kwa mapishi baada ya shughuli za sikukuu, basi tukaafikiana tule chakula cha mchana pamoja katika mkahawa mmoja wa Eastleigh. Tulikuwa wanawake watano na watoto watatu. Tukala biriani, tukanywa maji ya ukwaju, tukazungumza mpaka adhuhuri ikakaribia kwisha.

Bili ilipoletwa tukauona mstari ambao wengi wetu hatukuwa na mazoea ya kuusoma. Chakula: shilingi 4,200. Ada ya huduma, asilimia 10: shilingi 420. Jumla: shilingi 4,620.

Mmoja wetu alikuwa ameshaitoa noti ya shilingi 200 ampe kijana aliyetuhudumia. Alipouona mstari ule akaizuia noti mkononi, akamwuliza kijana kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hizi mia nne na ishirini ni zako?"

Kijana akageuka kidogo kuelekea kaunta, kisha akajibu kwa adabu: "Mama, mimi kazi yangu ni kuileta bili. Zikishafika pale, sijui zinakoelekea."

Hatuutaji mkahawa ule, kwa kuwa swali lenyewe ni kubwa kuliko mkahawa mmoja. Lakini jibu la kijana lilitukaa moyoni. Hapo ndipo dada yetu wa Umoja alipofungua mkoba wake, akatoa karatasi zilizokunjwa mara nne. Mwanawe wa kwanza, aliyesomea kazi za hoteli, ameahidiwa kazi ya kuhudumia vyumba katika meli ya watalii. "Nisomeeni na hii," alisema. "Humu pia mna ada ya huduma, na mimi sijaelewa kama ni mshahara wa mwanangu au ni sadaka ya wageni."

Tulizisoma karatasi zile pale mezani, na tuliporudi Mombasa tukaendelea kuuliza na kuchunguza. Makala haya ni matunda ya uchunguzi huo. Tunayaandika kwa sababu familia nyingi za Pwani, na za ndugu zetu wa Eastlands, zina kijana anayehudumu katika hoteli, mkahawa au meli, au anayetamani kazi hiyo.

Meli ni hoteli iendayo juu ya maji

Sisi watu wa Mombasa tumezizoea meli hizi kwa macho. Huingia bandarini asubuhi zikiwa refu kama mtaa mzima, watalii wakashuka kwenda Fort Jesus na Mji wa Kale, na baada ya muda zikang'oa nanga. Tusichokiona ni watu walio ndani yake: wapishi, watandika vitanda, wafuaji, wahudumu wa meza. Kwa miaka mingi wengi wao wametoka Ufilipino, India na Indonesia. Sasa vijana wa Kenya nao wameanza kuandikwa, na ndiyo maana habari hii imefika hadi meza za Umoja na Kayole.

Zamani abiria wa meli hizo alitia fedha katika bahasha usiku wa mwisho wa safari, akampa mhudumu wake mkono kwa mkono. Mhudumu mwema alipata zaidi, mvivu alipata kidogo, na asiyeonekana na abiria, kama vile mwosha sahani, huenda asipate kitu. Siku hizi kampuni nyingi kubwa huiongeza fedha hiyo moja kwa moja katika hesabu ya abiria, kwa kila siku ya safari na kwa kila kichwa. Mwaka 2023 kampuni ya Carnival ilitoza dola 16 kwa mtu mmoja kwa siku katika vyumba vya kawaida, na Royal Caribbean ikafika dola 18 mwishoni mwa mwaka huo huo. Familia ya baba, mama na watoto wawili ikisafiri siku saba kwa kiwango cha dola 16, hesabu yake ni dola 448, mbali na nauli. Vinywaji navyo huongezewa asilimia yake peke yake, ambayo aghalabu hufika 18 au kupita.

Kampuni nyingine huiita fedha hii bakshishi, nyingine huiita ada ya huduma. Msomaji asidhani kwamba majina hayo ni mamoja. Bakshishi, kwa maana yake ya kawaida, ni mali ya aliyepewa. Ada ya huduma yaweza kuwa mali ya kampuni, ambayo kampuni huigawa kwa mpango wake: sehemu kwa wahudumu, sehemu kwa walio nyuma ya pazia, pengine sehemu kwa shughuli nyingine za kuwahudumia wafanyakazi. Mgeni huyaona maneno mawili katika karatasi, akadhani amefanya jambo lile lile la bahasha. Mfanyakazi ndiye aijuaye tofauti, tena huijua siku ya malipo.

Kuna jambo la pili. Katika kampuni kadhaa, abiria ana ruhusa ya kwenda kaunta na kuomba fedha ile ipunguzwe au iondolewe kabisa. Kwa hivyo mtu atandikaye kitanda asubuhi na jioni, kwa miezi mingi mfululizo, anategemea kwa sehemu ya pato lake uamuzi wa mtu aliye likizo. Abiria akikasirishwa na mvua, na kukosa kushuka bandari aliyoitamani, hasira yake inaweza kuishia katika mfuko wa kijana wa Umoja ambaye hana mamlaka juu ya mvua wala bandari.

Ada, neno lililobeba desturi na malipo

Lugha yetu imetuwekea hekima katika neno hili. Ada, lililotoka katika Kiarabu, maana yake ya kwanza ni desturi, jambo lililozoeleka. Kisha likawa ni malipo: ada ya shule, ada ya kiingilio. Ni kana kwamba lugha imeshuhudia jinsi jambo linavyoanza kwa hiari, likazoeleka, kisha likadaiwa.

Akina mama hawahitaji kufundishwa hili. Wameliona katika harusi. Kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango, kiosha miguu, kipa mkono: kila kimoja kilianza kuwa ni heshima itokayo moyoni. Mjomba alipewa kwa kuwa ni mjomba, somo akapewa kwa kuwa alimlea bi harusi na kumfunza. Polepole heshima ikapata kiwango, kiwango kikaandikwa katika orodha, na leo kuna bwana harusi anayekopa ili alipe jambo ambalo bado tunaliita zawadi. Hatusemi desturi hizo ni mbaya. Twasema tu kwamba zawadi ikishaandikwa kiwango na kudaiwa, si zawadi tena hata tukiipamba kwa jina la zamani.

Na ndivyo ilivyo kwa bakshishi ya meli na ya mkahawa. Ilikuwa ni tabasamu la mgeni kwa mhudumu. Ilipochapishwa katika bili kabla mgeni hajala wala kulala, ilitoka katika mlango wa hiba ikaingia katika mlango wa ujira. Hiba haina maswali: aliyetoa ametoa. Ujira una maswali. Wanazuoni wa fiqhi wameshurutisha katika mkataba wa ijara kwamba ujira ujulikane, na sote tumelelewa katika mafundisho ya kumpa mfanyakazi haki yake kabla jasho lake halijakauka. Haki isiyojulikana kiasi chake itatolewa vipi kwa wakati?

Hilo ndilo neno letu katika makala haya. Hatuipingi ada ya huduma. Inaweza kumfikia mwosha sahani ambaye bahasha haikumfikia kamwe, na hilo ni jambo jema. Tunachosema ni kwamba fedha iliyochukuliwa kwa jina la mfanyakazi ni amana, na amana huulizwa hesabu. Ana haki ya kuuliza aliyelipa, na ana haki zaidi aliyefanya kazi.

Nani abebaye hasara?

Mtu anaweza kusema: maadamu fedha inapatikana, kuna tofauti gani ikiitwa mshahara au ikiitwa ada? Tofauti huonekana siku mbaya.

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, meli za watalii zilisimama duniani na hoteli nyingi za Pwani yetu zikafunga milango. Bakshishi ni kivuli cha mgeni. Mgeni alipoondoka, kivuli nacho kiliondoka. Familia zilizokuwa zikiishi kwa mshahara mdogo na bakshishi kubwa zilibaki na ule mdogo, na nyingine hazikubaki hata na huo.

Tufikirie pia mwanamke mhudumu aliyejifungua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Lakini malipo hayo hufuata mshahara ulioandikwa. Fungu la bakshishi mara nyingi hubaki kazini pamoja na walio kazini. Kadhalika mtu anapotaka mkopo, au anapofikia umri wa kustaafu: kinachotazamwa ni kile kilichomo katika hati ya mshahara. Ndugu yetu anaweza kuishi miaka 20 akidhani anapata shilingi 40,000, kumbe karatasi zinamjua kama mtu wa shilingi 18,000.

Nchini Marekani hali hii imefika mbali zaidi. Tangu mwaka 1991 sheria ya taifa imeruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2 na senti 13 tu kwa saa, iwapo bakshishi itamfikisha katika kima cha chini cha kawaida. Baadhi ya majimbo yameweka viwango vya juu zaidi, lakini msingi ni kwamba mgeni ndiye amlipaye mfanyakazi wa mtu mwingine. Hapo ndipo tunapoona desturi njema ikigeuka kuwa njia ya mwajiri kuuteremsha mzigo wake na kuuweka juu ya bega la mteja.

Lakini hilo si jambo lisilo na dawa. Kampuni ya P&O ya Uingereza iliiondoa ada ya kila siku katika meli zake mwaka 2019, ikaijumuisha gharama hiyo ndani ya nauli. Na Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2023 sheria ya ugawaji wa bakshishi, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2024. Sheria hiyo humwamrisha mwajiri awape wafanyakazi bakshishi na ada za huduma zote bila kukata, azigawe kwa haki, awe na utaratibu ulioandikwa, na aweke kumbukumbu ambazo mfanyakazi anaweza kuziomba. Kile ambacho kijana wa Eastleigh hakukijua, mwenzake wa London ana haki ya kukijua kwa sheria.

Katika bili ya Nairobi

Hapa kwetu wateja wengi huchanganya mistari ya bili. Kuna VAT, asilimia 16, ambayo ni kodi ya serikali. Kuna ushuru wa utalii, asilimia 2, unaotozwa na hoteli na mikahawa inayohusika. Hizo mbili haziendi kwa mhudumu. Ada ya huduma si kodi. Ni uamuzi wa mwenye biashara, na mkahawa mwingine hauitozi kabisa.

Hata hivyo sheria haikuisahau. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliitoa ada hiyo katika hesabu ya kodi kwa masharti: iwe imetozwa badala ya bakshishi, igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kwa mapatano yaliyoandikwa baina yao na mwajiri, na isizidi asilimia 10 ya bei ya huduma. Tuyatafakari maneno "mapatano yaliyoandikwa". Mwenye mkahawa anayetaka nafuu hiyo ya kodi anatarajiwa kuwa na karatasi inayoonyesha nani anapata nini. Basi mfanyakazi akiuliza karatasi iko wapi, hajakosa adabu wala hajaleta uasi. Na asiyeweza kuuliza peke yake anaweza kuuliza pamoja na wenzake; chama cha KUDHEIHA, ambacho huwasimamia wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani, kipo kwa kazi kama hiyo.

Sisi wateja nasi tuna la kufanya. Tuulize kwa upole kabla ya kuagiza: je, bei hizi zina ada ya huduma ndani yake? Hugawiwa wahudumu? Tukiona jibu halina uso, tumpe kijana mkononi kile tulichokusudia, hata kama ni shilingi 50. Na tusiitumie ada iliyo katika bili kuwa udhuru wa kumnyima aliyetubebea mtoto na kumfutia meza mara tatu.

Kijana akiletewa mkataba wa meli

Turudi kwenye karatasi za dada yetu wa Umoja. Ukurasa wa kwanza ulitaja pato la mwezi la kuvutia. Ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo, uliligawa pato hilo mara mbili: mshahara wa msingi, na makisio ya ada ya huduma. Makisio yalikuwa makubwa kuliko mshahara. Tena wakala aliyezileta karatasi alikuwa ameomba shilingi 80,000 "za kufungua faili", zitumwe kwa M-Pesa kabla ya mwisho wa wiki. Dada yetu alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa cherehani yake.

Hapa msomaji ashike kalamu. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2014, humhesabu mhudumu wa chumba na wa meza katika meli kuwa ni baharia kama alivyo mshika usukani. Haki za baharia ni zake. Na mkataba huo umekataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kujilipia ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata gharama ya viza ni ya mwenye meli. Mafunzo ya usalama yanayotolewa na vyuo, kama vile Chuo cha Bahari cha Bandari mjini Mombasa, yana karo yake, na hiyo ni habari nyingine. Lakini "fedha za faili", "fedha za kuharakisha", "fedha za bosi" hazina msingi. Mawakala wa kuajiri mabaharia hupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, yenye makao yake Mombasa. Huko ndiko kwa kuuliza kama wakala anajulikana, kabla shilingi haijatumwa.

Baada ya hapo, familia ikae na kijana na kuuliza haya.

Kwanza, mshahara wa msingi ni kiasi gani, na je, kuna kiwango ambacho kampuni inakidhamini hata wageni wakiwa wachache au wakiiondoa ada? Makisio si dhamana. Bajeti ya nyumba ifungwe juu ya kile kilichodhaminiwa, na kinachozidi kiwe ni baraka.

Pili, ada ya huduma hugawanywa kwa kipimo gani? Kwa idadi ya vyumba, kwa cheo, kwa alama za wageni? Na kuna makato gani? Mkataba wa kimataifa unamtaka mwenye meli ampe baharia hesabu ya malipo yake kila mwezi. Kijana azihifadhi hesabu hizo zote, na nakala aitume nyumbani.

Tatu, saa za kazi ni ngapi? Kwa kipimo cha saa za kazi kilichomo katika mkataba huo, zisizidi 14 katika saa 24 wala 72 katika siku saba. Ni nyingi hata hivyo, na mzazi asidhani kwamba mwanawe anakwenda kutalii.

Nne, fedha itafikaje nyumbani? Baharia ana haki ya kuagiza sehemu ya mshahara wake itumwe kwa familia yake kwa vipindi maalumu. Yaandikwe mapema: kiasi gani kwa mama, kiasi gani kwa mke na watoto, kiasi gani kiwekwe akiba. Nyumba nyingi zimevunjika kwa kutoelewana juu ya fedha iliyotoka baharini, na waliolaumiwa ni wanawake waliokuwa wakingoja simu.

Tano, na hili ni letu zaidi, kijana atafanya kazi idara gani? Anayetandika vitanda si sawa na anayemimina pombe, na katika meli nyingine mapato ya ada za idara mbalimbali huchanganywa. Hatutoi fatwa katika gazeti. Tunasema tu kwamba swali liulizwe kabla ya kutia sahihi, na sheikh wa mtaa aulizwe mapema, si baada ya miezi minane ya dhiki ya moyo katikati ya bahari.

Na katika nyumba zetu je?

Tulipokuwa tukiyazungumza haya pale Eastleigh, tukiwalaumu wenye meli kwa kulipa mshahara mdogo na kuutegemea ukarimu wa wageni, dada yetu wa Buruburu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Na sisi tunafanyaje na wasichana wetu wa nyumbani?"

Ukimya ukatanda.

Tumezoea kusema, "Mimi namlipa kidogo, lakini anakula kwangu, nampa leso kila Idi, nikienda nyumbani namletea zawadi." Hayo ni mema, na Mwenyezi Mungu ayakubali. Lakini leso ni leso na mshahara ni mshahara. Tunapoihesabu leso ndani ya mshahara, tunafanya yale yale ya karatasi za meli: tunachanganya hiba na haki ili haki ipungue. Kwa agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba.

Tunajua mtakayoyasema, kwa kuwa na sisi tuliyasema. Wako akina mama katika mitaa ya Eastlands ambao wenyewe hawafikii pato hilo. Wanauza vitumbua alfajiri, wanashona usiku, na bila ya msichana wa kuwatazamia watoto wasingeweza hata hayo. Hatuna jibu rahisi la kuwapa, wala hatutajifanya tunalo. Lakini asiyeweza kulipa mwezi mzima anaweza kuajiri siku tatu kwa wiki na kuzilipa siku tatu kwa haki. Mama fua anayekuja Jumamosi anaweza kuambiwa bei kabla hajatia nguo majini, si baada ya kuanika. Mlinzi wa ploti, ambaye kila mpangaji huchangishwa kwa jina lake mwisho wa mwezi, anaweza kuulizwa: umelipwa? Kama nyumba 30 zimetoa shilingi 500 kila moja, hizo ni shilingi 15,000. Zimefika?

Swali ni lile lile katika meli, katika mkahawa na katika ngazi za ploti.

Kabla ya kuondoka pale mkahawani, mmoja wetu alikwenda kaunta akauliza kwa upole ada ile hugawanywa namna gani. Aliyekuwa zamu akajibu kwamba hugawanywa mwisho wa mwezi. Kwa kipimo gani? Akasema, "Wafanyakazi wanajua." Kijana wetu alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, ameshika sinia, na alilisikia jibu. Hakusema neno. Tulimpa noti yake mkononi, tukamwombea dua, tukaondoka.

Dada yetu wa Umoja hakuuza cherehani. Alimpigia wakala simu akamwomba namba ya leseni yake ya KMA. Wakala akaahidi kuituma jioni, na tangu siku hiyo simu yake haipokelewi. Mwanawe alihuzunika, kisha akaanza kutafuta wakala mwenye leseni. Mpaka tunapoandika bado anangoja, na mama yake anashona kwa cherehani ile ile.

Na dada yetu wa Buruburu alitupigia simu wiki iliyofuata. Amenunua daftari la kurasa 96. Amelipiga mstari katikati. Upande wa kulia ameandika mshahara, tarehe, na sahihi ya msichana wake. Upande wa kushoto ameandika zawadi. Alisema jambo lililomshangaza ni kwamba msichana alipouona upande wa kulia aliuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, kama angeweza kuongezewa kidogo. "Nikamwambia tukae tuhesabu," alisema. "Na tumehesabu."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza kipimo wanapotoa, kama tunavyopenda tutimiziwe tunapopokea. Amin.